Pini za Mama na makadirio ya TRA

Najua nimepotea ile mbaya. Mara ya mwisho niliandika hapa nikilalamikia foleni ya kafteria, halafu kimya... mpaka wengine mkaanza kutuma meseji mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko bwana, nipo, tena nadaiwa asaimenti mbili.

Leo nataka niwasimulie kitu kilichonikuta likizo ya Machi 2025. Nilienda nyumbani Kamsamba nikijua nakwenda kulala, kula wali na kusahau saikolojia ya elimu kwa muda. Kumbe Mama alikuwa ananisubiri na daftari. Nimekaa nalo kichwani muda mrefu, na nimeona niliandike kwa sababu humu chuoni tupo wengi ambao wazazi wao wanatafuta riziki mipakani, Namanga, Sirari, Kasumulu, Mutukula. Siku moja na wewe utaitwa: "Wewe si ndiye msomi? Njoo utuhesabie."

Kwa wasioijua Kamsamba: ukitoka Mbeya unashuka Mlowo, unaiacha lami ya kwenda Tunduma, halafu unateremka na vumbi lako mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Joto lake si mchezo. Ukivuka daraja la mto Momba upo Kilyamatundu, mkoa wa Rukwa tayari. Na tuna mpunga. Mama hulima kidogo, lakini pesa yake hasa inatoka kwenye kununua mpunga wa majirani, kuukoboa, kupakia mchele kwenye fuso mpaka Tunduma, na kuvuka nao Nakonde upande wa Zambia. Mnaopajua mnajua, Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja wenye majina mawili. Wanyamwanga wapo huku na kule, harusi huku, msiba kule. Ila pesa ni mbili. Mama akiuza Nakonde analipwa kwacha.

Na Mama hasemi kwacha, anasema pini. "Nimeuza pini elfu saba." Nikiwa mdogo nilidhani ni pini za nguo, teh teh. Asili yake ni kwamba zamani kwacha ilikuwa na masifuri mengi, na Wazambia wakawa wanaiita elfu moja "pini". Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ikakata sifuri tatu, elfu ya zamani ikawa kwacha moja mpya. Masifuri yakaondoka, pini ikabaki mdomoni mwa watu. Mama anakumbuka pini ilipokuwa karibu shilingi 300. Mwaka 2024 ilikuwa inacheza kwenye mia, mia na kidogo, halafu ikashuka. Hapo kwenye "halafu ikashuka" ndipo stori yangu ilipo.

Sasa basi. Mama ana TIN na analipa kodi kwa mfumo wa makadirio, ule wa wafanyabiashara wadogo wasiozidi mauzo ya milioni 100 kwa mwaka. Mwanzoni mwa mwaka unakwenda TRA, wanatazama mauzo yako, unakadiriwa, unalipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba. Miaka ya nyuma Mama alikuwa anauza zaidi hapahapa kwa shilingi, hakuna kuumiza kichwa. Mwaka 2024 ndio alivuka sana. Zambia walikuwa na ukame mkali, Rais wao aliutangaza kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024, chakula kikawa kinatafutwa. Kwa hiyo daftari la mwaka huo likawa limejaa pini tupu.

Kwacha 68,000. Ndiyo jumla. (Namba nyingine humu nimezizungusha ili tusichoshane, lakini hesabu ndivyo ilivyokuwa.)

Swali likawa dogo tu: kwacha 68,000 ni shilingi ngapi?

Mimi nasoma Hesabu na Jiografia. Nikajibu kwa mbwembwe: "Mama, hiyo ni kuzidisha tu." Akaniuliza, "Unazidisha kwa ngapi?" Nikafungua mdomo... nikaufunga.

Kaka yangu, anayeendesha bodaboda Tunduma na alikuwa amekuja kutusalimia, ndiye aliyekuwa na jibu. "Mwaka unaisha tarehe 31 Desemba, si ndiyo? Chukua reti ya siku hiyo, zidisha, kwisha kazi." Nikawa naona ana pointi! Tena nikatazama reti, nikaona ni tamu. Shilingi yetu mwishoni mwa 2024 ilipanda ghafla. Oktoba dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,700, kufika Desemba ikawa karibu 2,400. Kwacha nayo ilikuwa imechoka. Kwa hiyo mwisho wa mwaka kwacha ilikuwa kama shilingi 87, wakati miezi Mama anauza sana ilikuwa kama 102. Zidisha 68,000 kwa 87 unapata 5,916,000. Kaka akapiga makofi.

Halafu akaongeza lingine. "Na kwanza umeuza Zambia, TRA ya hapa inahusika nini na pini za Nakonde?"

Hili la pili nilikuwa na uhakika nalo kidogo, kuna jamaa wa B.Com tunakaa naye chumba kimoja na anapenda kujisomea kwa sauti. Mkaazi wa Tanzania anahesabiwa kipato chake popote kilipotoka. Mchele umenunuliwa Kamsamba, umekobolewa Kamsamba, biashara ni ya Kamsamba. Kuuzia hatua chache ng'ambo ya mpaka hakuufanyi uwe mchele wa mtu mwingine. Kaka akanyamaza, lakini reti ya Desemba hakuiachia.

Nikampigia yule jamaa wa B.Com. Akacheka kwanza. Halafu akanieleza, na wadau naomba hapa mtulie maana ndiyo nyama yenyewe: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka kipato kihesabiwe kwa shilingi. Kama umelipwa kwa fedha nyingine, unaibadilisha kwa reti ya wakati ule kiasi kile kinapoingia kwenye hesabu. Siyo reti ya siku unayokwenda ofisini, siyo ya siku mwaka unapoisha, na siyo lazima iwe siku uliyoibadilisha kwa vijana wa chenji. Kwa mtu kama Mama anayeuza na kulipwa papo hapo, ni siku aliyouza. Benki Kuu hutoa viwango vya kila siku, kwacha ya Zambia imo, unakuta ya kununua, ya kuuza na ya wastani.

"Kwa hiyo," akasema, "huna hesabu moja ya kuzidisha. Una hesabu nyingi kama siku alizouza. Ana tarehe?"

Nikafungua daftari. Duh.

Mama aliuza mara tisa. Mauzo manne yana tarehe. Mengine matano yameandikwa hivi: "baada ya msiba", "fuso ya bluu", "Jumatatu", "mvua ya kwanza", na moja halina kitu, namba tu na duara la chai. Kila namba ya kwacha ipo, hajaruka hata moja, hata deni la debe moja limo. Ila siku hakuna. Na kwa nini angeandika siku? Yeye pini ni pini. Anajua alinunua kwa ngapi na alirudi na ngapi.

Wakati huo ndipo nilipoona kwamba hili la tarehe siyo urembo. Katika mfumo ule wa makadirio, mauzo mpaka milioni 4 hulipi. Kati ya milioni 4 na 7, kama huna kumbukumbu unalipa 100,000 juu kwa juu, ukiwa na kumbukumbu unalipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, bila kumbukumbu ni 250,000, ukiwa nazo ni 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Sasa chukua pini 68,000 zisizo na tarehe, mtu aamue kuzizidisha kwa 104, reti ya juu kuliko zote katika siku za Mama. Zinakuwa 7,072,000. Umeingia kundi la pili, na huna kumbukumbu za kueleweka. Laki mbili na nusu! Kwa daftari lenye namba zote, eti kwa sababu liliandikwa "fuso ya bluu".

Tukakaa barazani kuzitafuta siku zilizopotea. Ya "fuso ya bluu" ilikuwa rahisi, karatasi ya mzigo ilikuwepo kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nane. Nne zilizobaki zikatushinda. Mama anasema Agosti, kaka anasema Septemba, msiba nao ilikuwa miwili...

Ndipo Mama akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeomba chumvi, "Si uangalie kwenye simu yako? Nikiuza huwa nakutumia."

Wadau, mimi nilikuwa sijui. Nilijua Mama ananitumia hela, ndiyo. Sikujua zinaendana na nini. Nikafungua meseji za mwaka 2024 nikazishusha mpaka Juni. Ile ya baada ya msiba hii hapa, imeingia saa kumi na moja jioni, 40,500. Jumatatu hii hapa, 40,800. Ile ya duara la chai, 40,000. Mimi nilikuwa naziona hizi hela zinakuja na vijisenti vya ajabu, mara mia tano, mara mia nane, nikidhani ni salio la Mama anakomba tu. Kumbe alikuwa anatoa pini 400 kila safari, kabla hajahesabu kitu kingine, anawapa vijana wa chenji palepale mpakani, kilichotoka ndicho alichonitumia. Mara tisa ameuza, mara tisa nimepokea. Sijawahi kuziweka pamoja nikazitazama.

Ya Desemba nilikuwa naikumbuka hata kabla ya kuifungua. Tarehe 23, shilingi 34,000. Chini yake kuna meseji yangu, sijaifuta, nimeandika "Mama mbona imepungua, nitapandaje gari". Na jibu lake, "Chenji mbaya mwanangu."

Sitaki kuliongelea sana hili. Pini zilikuwa 400 zilezile.

Turudi kwenye hesabu. Nikajaza tarehe zote, nikaweka mauzo ya mwisho, kwacha 8,000, kwenye tarehe 23 Desemba maana ndiyo siku ya meseji, ambapo reti ilikuwa kama 87. Mama alikuwa anaosha vyombo. Akauliza, "Hiyo ya mwisho umeandika lini?" Nikamwambia. Akasema hapana. Aliuza mwanzoni mwa mwezi, siku tatu au nne tu baada ya Desemba kuanza. Alipofika kwa vijana wa chenji akakuta pini imetoka kwenye mia na kitu imekuwa kama 95, akaona wanamwonea, akazirudisha pini zake nyumbani kwenye kopo la maziwa asubiri ipande. Haikupanda. Karibu na Krismasi akazibadilisha kwa 85 kwa sababu mimi nilitaka nauli.

Nikapiga hesabu. Nikiacha 87, mauzo yanakuwa pungufu ya 64,000. Asilimia 3 yake ni shilingi 1,920.

Kaka akaruka. "Mama! Kwa buku mbili? Acha ikae hapohapo, mtoto ana ushahidi kwenye simu!"

Mama akasema siku aliyouza ni ile, basi. Akaendelea na vyombo.

Nikarekebisha. Juni mpaka Oktoba, kwacha 50,000 kwa wastani wa 102, milioni 5 na laki moja. Novemba, 10,000 kwa 98, laki tisa na themanini. Desemba, 8,000 kwa 95, laki saba na sitini. Jumla 6,840,000. Toa milioni 4, asilimia 3 ya kilichobaki ni 85,200. Ukigawa awamu nne ni 21,300 kila moja. Kwa reti ya kaka ya mwisho wa mwaka ingekuwa 57,480. Kwa hiyo ule ujanja wake wote, wa kumfanya Mama aseme uongo kwa mwaka mzima, ulikuwa unaokoa 27,720. Wakati kukosa tarehe kungeweza kuongeza 164,800. Nilimwonyesha kaka hizi namba mbili zikiwa zimeandikwa pamoja. Akasema "hebu nione tena", akachukua kalkuleta yake mwenyewe. Bodaboda wanajua hesabu, msiwadharau.

Tukaenda Tunduma, mimi na Mama. Nilivaa shati la field. Dada tuliyemkuta kaunta alikuwa mstaarabu, alimwamkia Mama shikamoo, akafungua daftari ukurasa kwa ukurasa, akatazama karatasi ya fuso, akatazama simu yangu. Kuhusu simu aliniuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea: kwa nini hela iliyotumwa kwa mwanafunzi iwe ushahidi wa siku ya kuuza mchele? Nikamweleza habari ya pini 400. Akazidisha mbili tatu mwenyewe kwa reti za siku zile, akaona zinakaribiana. Kisha akamwambia Mama, "Mama, mwaka ujao andika tarehe na chukua risiti. Hii bahati tu." Akaingiza.

Ila kuna swali Mama aliuliza pale ambalo mimi sikuwa na jibu zuri, na nililiona ni la haki. Alisema: "Zile pini elfu nane mmezihesabu kwa 95. Mimi mkononi nilipata 85. Hiyo kumi iliyopotea nani ananihesabia?"

Ukipiga, ni kama 80,000. Ni karibu kodi nzima ya mwaka. Na jibu, ambalo yule dada alilitoa kwa upole, ni kwamba katika mfumo wa makadirio hakuna anayehesabu. Kodi ile inatazama mauzo, basi. Haiulizi faida, kwa hiyo haiulizi na hasara, iwe ni gunia lililolowa au chenji iliyoanguka. Mwenye kampuni anayetengeneza hesabu zake kamili anaweza kupeleka hasara ya kubadilisha fedha kwenye vitabu vyake, kwa masharti yake. Mama wa daftari hana pa kuipeleka. Ametajwa kama mtu aliyepata 760,000, wakati shilingi zilizoingia nyumbani hazikufika laki saba. Naelewa kwa nini imewekwa hivyo, mfumo wa watu wadogo unatakiwa uwe mwepesi, na ungeanza kuuliza kila kopo la maziwa lilifunguliwa lini usingeisha. Lakini kuelewa na kuridhika ni vitu viwili. Mama alitikisa kichwa, akatoa 21,300 ya awamu ya kwanza, tukaondoka.

Mwezi huohuo wa Machi 2025 zikatoka kanuni mpya za matumizi ya fedha za kigeni, kwamba bidhaa na huduma ndani ya nchi bei zake zitajwe na zilipwe kwa shilingi. Tunduma watu waliongea sana, maana pale kuna duka unaweza kulipa kwacha ukarudishiwa shilingi na pipi. Kwa Mama haibadilishi kitu kikubwa, yeye anauzia ng'ambo na kulipwa ng'ambo. Pini zitaendelea kuja na kila moja itakuwa na siku yake.

Kabla sijapanda basi la Iringa nilimnunulia kaunta buku, nikamchorea mistari: tarehe, kwacha, reti ya siku, shilingi. Nikamwonyesha namna kaka atakavyokuwa anamtafutia reti ya Benki Kuu kwenye simu yake (kaka amekubali, kwa masharti ya wali). Nikaona nimemaliza kazi.

Nilipoenda tena nyumbani nililifungua. Tarehe zote zipo, hata saa ameandika. Ila pembeni, baada ya safu zangu nne, kachora ya tano kwa mkono, mstari umepinda. Juu yake kaandika "chuo". Chini yake 400, 400, 400, 400.

Haya wadau, tesiti Alhamisi na sijagusa kitu. Nikitoka salama nitawaletea ile ya mwenzetu aliyefundisha mada ya kesho badala ya leo mbele ya msimamizi. Tuko pamoja.